Shimo la Mia Mbili Themanini na Tisa

Makutupora,
Alhamisi, 12 Machi 2026

Kwa dada yangu Penina,
Chemba.

Shikamoo dada. Mbukwa, kwa salamu ya kwetu. Pokea barua hii ukiwa umeketi, na kama una chungu jikoni kiepue kwanza, maana mimi nikishika kalamu maharage ya watu huungua. Namwomba Mungu iwakute nyote mna miguu ya kutembelea na meno ya kuchekea. Kiuno chako kinasemaje? Na kikohozi cha shemeji Gerson? Mwambie namsalimia kwa ile lugha ya kwao ya kugonga ulimi, ambayo mimi niliimaliza kwa siku mbili nilipokuja kuwasaidia kuvuna ulezi, mpaka mbuzi wake wakawa wananifuata mimi na kumwacha yeye amesimama na fimbo yake.

Huku sisi tu wazima. Goti langu la kushoto linabashiri mvua kama kawaida, na mwaka huu limebashiri vizuri kuliko redio, ila mvua yenyewe ndiyo haikusikiliza. Upepo upo. Ile kofia yangu niliyokuambia kwamba ilipeperushwa hapa Julai ikaenda kutua juu ya banda lako la kuku huko Chemba, wewe ulisema niliisahau mwenyewe nilipokuja Pasaka. Leo sitabishana nawe, dada. Hebu tuseme niliisahau.

Utashangaa kwa nini naandika wakati simu ipo. Nimekupigia mara tatu tangu Jumanne. Mara ya kwanza nikakueleza habari za mvua. Mara ya pili nikakueleza jinsi wahandisi wa reli ya umeme walivyoniita niwaonyeshe mahali pa kukunjia kona. Mara ya tatu ukaniuliza, Yotham, una nini wewe, nikasema mtandao unakata, na aliyekata ni mimi. Simu inanifanya nikusikie unavyocheka, na nikikusikia unacheka siwezi kujizuia, naongeza chumvi. Karatasi haicheki. Kwa hiyo nimemwomba Shaaban, yule dereva wa lori la mbuzi anayekuja huko mnadani, aondoke nayo leo hii akufikishie mkononi kesho. Nimemwambia asimpe mtu mwingine, hata mchungaji. Nataka uisome kabla ya Jumapili, kabla kengele ya ibada haijalia. Sababu nitaisema, ila ngoja nianzie mwanzo, kwa kuwa nikianzia mwisho utanielewa haraka mno.

Unakumbuka ulivyonikabidhi Luka mwaka juzi. Ulisema mjomba ni mama wa kiume, nimchukue mtoto wako nimfundishe kazi ya zabibu. Nilimfundisha kweli: kupogoa, kufunga matawi kwenye nyaya, kumwagilia bila kulowesha majani. Kijana ana mkono mwepesi. Watu wote hapa niliwaambia kwamba mkono ule nimempa mimi, lakini alikuja nao kutoka kwako. Bi Rose mwenye shamba, yule mama mstaafu anayekaa Makole mjini na kutufikia Jumamosi kwa Jumamosi, alimwamini mpaka akamkabidhi ufunguo wa kitalu cha miche.

Mwaka jana Bi Rose alipata vipando vya zabibu nyeupe za aina ambayo hapa kwetu hakuna mwingine anayo. Hakusema amevitoa wapi. Alisema tu kwamba hata mche mmoja usivuke geti, maana jirani akipata kijiti kimoja, miaka miwili baadaye ana shamba zima. Tukavipanda kwenye viriba, vile vifuko vya nailoni, tukavipanga vitalu viwili vya mraba, kimoja mkono wa kulia na kimoja mkono wa kushoto, vilivyo sawa kama mapacha. Kila kiriba nilikipa nafasi yake ya dhiraa moja kwenda na dhiraa moja kuvuka, napima kwa kijiti. Luka alivilea vile vitalu. Kuna wiki moja ya jua kali alikuwa anavifunika kwa shuka lake mwenyewe.

Ikafika Desemba, mvua inanukia, Bi Rose akaja kutuonyesha kiwanja. Alitaka miche yote ya vitalu viwili iingie kwenye mraba mmoja mkubwa, idadi ya mistari iwe sawa kwenda na sawa kuvuka, ili pawatila, ile trekta ndogo ya mkono, ipite pande zote wakati wa palizi. Akauliza tuchimbe mashimo mangapi. Luka akafungua mdomo. Nadhani alitaka kusema tukahesabu. Mimi nikiwa mbele ya vibarua saba, na Bi Rose amevua miwani ananitazama, nikainua mkono nikamnyamazisha. Nikasema kuhesabu ni kwa watu wasiokuwa na kamba.

Kamba yenyewe siyo uongo, dada, naomba hilo uliamini. Nilipotoka shule darasa la tano (watu nawaambia vitabu vilikuwa vimeisha) nilibeba zege kwa marehemu fundi Wilbert, na fundi alinifundisha jambo moja la kweli. Ukiwa na chumba cha mraba na unataka kingine cha mraba chenye eneo mara mbili, usiuzidishe ukuta mara mbili, utapata jumba la vyumba vinne. Vuta kamba kona kwa kona ndani ya chumba chako, na urefu wa kamba hiyo ndio ukuta wa chumba kipya. Ukitaka kuhakikisha chukua kitambaa cha mraba, kunja kona zake nne zikutane katikati, utaona kimebaki mraba mwingine ambao ni nusu yake kamili. Ardhi inaikubali hesabu hiyo. Ukuta unaikubali. Mimi nikadhani kila kitu kitaikubali.

Basi nikavuta kamba juu ya kitalu kimoja, kona kwa kona, Bashiri kibarua ameshika ncha ile na mimi hii, nikaipima kwa kijiti changu cha dhiraa. Ikatoka vijiti kumi na saba. Nikatangaza: kumi na saba kwenda, kumi na saba kuvuka, na miche yote itaingia, hautabaki mche wala halitabaki shimo. Bi Rose akabonyeza simu yake akasema hayo ni mashimo mia mbili themanini na tisa. Nikasema naam, na miche ni hiyo hiyo. Vibarua wakapiga makofi. Bi Rose akasema kumbe miaka yote amekaa na mhandisi bila kujua. Nikachukua daftari la shamba nikaandika kwa mkono wangu, kwa wino: miche 289.

Tulipanda siku mbili. Mimi mbele na kamba, Luka nyuma na viriba, anapasua kiriba kwa wembe na kuushusha mche kana kwamba anamlaza mtoto. Siku ya pili, saa tano asubuhi, miche ikaisha. Shimo la mwisho, lile la kona karibu na tangi la maji, lilikuwa na samadi, lilikuwa na maji, mche halikuwa nao.

Luka alisema neno pale. Neno hilo nitalirudia mbele, leo sitaliruka. Kwa sasa jua tu kwamba Jumamosi Bi Rose alikuja, akatembea mstari kwa mstari akiwa na furaha yake yote, mpaka akafika kwenye kona ile. Akalitazama shimo. Akafungua daftari, akaitazama namba. Akauliza ni nani anayeshika ufunguo wa kitalu. Wote tulikuwa tunajua, na yeye mwenyewe alikuwa anajua. Bashiri, ambaye ni mtani wetu na hana breki, akasema kijana ameumeza mche, tumwagilieni maji tuone kama utachipua masikioni. Wote wakacheka. Hata mimi nilicheka. Luka peke yake ndiye aliyekuwa hacheki, alikuwa ananitazama.

Ufunguo ulichukuliwa siku hiyo. Luka alitolewa shambani ila hakurudishwa kwenu, nilimwombea, na maombezi yangu nilijisifia mwezi mzima. Alibaki kwangu akifanya vibarua vya mashamba ya jirani. Asubuhi aliniambia shikamoo mjomba, jioni aliniambia shikamoo mjomba, na kati ya asubuhi na jioni hakuniambia kitu.

Mwishoni mwa Januari Bi Rose akaniletea kazi nyingine, ndogo. Alikuwa na vitalu vingine viwili vya mraba, hivi vya zabibu nyekundu za kawaida ambazo kila mtu hapa anazo, miche mitano kwa mitano kila kimoja. Alitaka tuipande nyuma ya nyumba ya pampu, mraba mmoja vilevile. Nikafurahi, dada. Nikajiambia hapa ndipo pa kuwaonyesha kwamba kamba ya Yotham haikosei, na ikitimia hapa, basi kule mche uliibwa kweli. Nikavuta kamba. Vijiti saba. Tukachimba saba kwa saba. Tukapanda. Mashimo yakajaa yote, na mkononi mwangu ukabaki mche mmoja.

Ule wa kwanza ulipungua mmoja. Huu wa pili ukazidi mmoja. Nilisimama na kiriba kile mkononi kama mtu aliyepewa mtoto bila kujua ni wa nani. Nilichokifanya na mche ule nitakiandika pia. Vumilia.

Jumamosi iliyofuata Bi Rose alipita kwenye kona ya tangi akakuta shimo lina mche. Akapiga kelele tukakimbilia. Akasema mnaona, mwizi dhamiri imemsuta, amerudisha. Akasema anamsamehe lakini mfanyakazi wake hawezi kulala nyumba moja na mtu wa namna hiyo. Luka aliondoka Jumatatu. Aliniachia mkasi wa kupogolea, ameunoa na kuupaka mafuta. Nami nikakupigia simu, unakumbuka, nikakwambia kwa sauti ya mtu mkubwa kwamba mtoto aliteleza lakini amerudisha alichochukua, msimpige, mkanyeni tu kwa maneno. Ukalia kwenye simu. Ukasema hujazaa mwizi. Nikakutuliza. Nilikutuliza vizuri sana, dada, kuliko mtu yeyote angeweza.

Tangu siku hiyo nimekuwa kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Anazunguka akidhani anakwenda, kumbe kila akizunguka kamba inafupika, mwisho kidevu kimegusa kigingi na majani yako mbali. Nilichukua ungo na punje za mahindi. Nikapanga vitalu vya mbili kwa mbili: punje nane, na mraba wa karibu yake unataka tisa. Imepungua moja. Nikaruka mbali, nikapanga ishirini na tisa kwa ishirini na tisa, viwili, debe zima la mbegu liko sakafuni, mgongo unaniuma, kuku nawafukuza kwa mguu. Mraba wa arobaini na moja ukajaa, na punje moja ikabaki. Moja, dada! Kati ya punje elfu moja mia sita na zaidi. Kama ingekosea kwa ishirini ningeona kosa langu nikaacha. Inakosea kwa moja tu, mara imezidi mara imepungua, kwa hiyo kila mara unasema inayofuata ndiyo yenyewe.

Wiki iliyopita nikamwendea Mwalimu Ruthu, anayefundisha hesabu sekondari na kupanga chumba nyuma ya nyumba yangu. Nilimkuta barazani anasahihisha madaftari. Sikumwambia nina shida. Nilimwambia nimekuja kumpima, maana naona siku hizi walimu wanapewa vyeti kama karanga. Akacheka akasema haya mzee, nipime. Nikamwonyesha daftari la shamba, nikamweleza vitalu viwili vilivyo sawa, mraba mmoja, miche 289.

Hakuchukua hata kalamu. Aliniuliza vitalu viwili vilivyo sawa vimewezaje kuzaa namba witiri. Akasema ukiwa na mapacha wawili, na kila mmoja ana ng'ombe sawa na mwenzake, jumla yao haiwezi kumbakisha ng'ombe mmoja asiye na pacha. Mia mbili themanini na tisa haigawanyiki kwa mbili. Daftari hili, mzee, linajikana lenyewe kabla hatujafika shambani.

Nikamwambia sawa, hilo ni kosa la wino. Anitafutie basi namba yake yeye, yoyote, vitalu viwili sawa vya mraba vinavyojaza mraba mmoja bila kuzidi wala kupungua. Akasema hakuna. Nikamwambia yeye bado mtoto, hajafika mbali. Labda huko mbele kwenye malaki na mamilioni ipo moja imejificha, kama mimi nilivyompata yule fahali wetu aliyepotea kule Farkwa baada ya kila mtu kukata tamaa. Akasema hahitaji kwenda mbali. Hatazitafuta moja moja. Atafunga mlango kwa zote mara moja.

Akachora kwa chaki sakafuni. Nakuandikia kama alivyosema, kwa kuwa sasa nalijua kwa moyo. Tuseme upo mraba kama huo. Idadi ya miche yake ni ya vitalu viwili vilivyo sawa, kwa hiyo ni shufwa, inagawanyika. Lakini mraba wenye mistari witiri hutoa miche witiri siku zote. Basi mistari ya mraba wako ni shufwa, unaweza kuukata katikati kwenda na katikati kuvuka, ukapata miraba minne midogo iliyo sawa. Minne hiyo ni sawa na vitalu viwili. Basi miwili kati yake ni sawa na kitalu kimoja. Hapo akaweka chaki chini akanitazama. Akasema, mzee, umeona? Kitalu chako sasa ndicho kimekuwa mraba mkubwa, na kale karobo kamekuwa kitalu. Ni hadithi ile ile, imepungua tu. Sasa rudia. Kata tena. Tena. Kila ukikata unakuta mwingine mdogo zaidi, na hakuna mahali pa kusimama. Lakini miche ina mwisho wa kupungua. Huwezi kushuka chini ya mche mmoja, na mmoja na mmoja ni wawili, na wawili hawapangiki mraba. Kwa hiyo hata ule wa kwanza haukuwepo.

Nilikaa pale barazani nikajaribu kutafuta pa kutokea. Mimi najua kutokea, dada, wewe ni shahidi. Mimi nimetoka kwenye mikono ya polisi jamii kwa kuwaimbia. Nikatafuta kwenye namba ndogo, amefunga. Kwenye kubwa, amefunga. Nikasema labda kama udongo ni mzuri. Akanihurumia, akaniuliza, mzee Yotham, kwani kuna nini?

Kilichopo ndicho hiki. Sasa naandika polepole.

Nilipopima ile kamba Desemba, haikufika vijiti kumi na saba. Ilipungua, siyo sana, upana wa kidole cha mwisho. Niliuona upungufu ule kwa macho yangu. Bashiri ameshika ncha ile, watu wananitazama, Bi Rose amevua miwani. Nikaivuta. Kamba ya katani huvutika. Ikafika.

Neno alilosema Luka pale kwenye shimo tupu lilikuwa hili. Alisema, taratibu, bila kuniaibisha, mjomba, kumi na mbili mara kumi na mbili ni mia moja arobaini na nne, na mara mbili yake ni mia mbili themanini na nane. Miche haijapotea, shimo ndilo limezidi. Alilisema tukiwa wawili. Nikamwambia anyamaze. Na Jumamosi, Bi Rose alipokuwa anatafuta mwizi, Luka alilirudia mbele yake kwa heshima zote. Hesabu yake ilikuwa imeingia kwenye simu ya Bi Rose, nikaiona kwenye kioo, 288, na mama wa watu akanigeukia mimi. Hapo palikuwa na mlango, dada. Ulikuwa wazi kabisa. Nilichotakiwa ni kusema, nimekosea. Neno moja.

Nikasema kwamba kitalu cha kushoto kilikuwa na mche mmoja wa ziada mwisho wa mstari, nimeuweka kwa mkono wangu, ndiyo sababu nikaandika 289. Nikaapa. Mche huo haukuwahi kuwepo. Nimeuzaa mimi kwa mdomo, na mwanao akafukuzwa kwa kuuiba.

Na ule uliobaki mkononi Januari, ule wa zabibu nyekundu, niliupanda kwenye lile shimo la kona. Ilikuwa saa saba mchana, vibarua wamekwenda kula, Luka yuko shamba la jirani. Nilidhani nikiliziba shimo, maneno yatakwisha. Sikujua kwamba nikiliziba ndipo ninapomfunga. Kabla ya hapo alikuwa ametuhumiwa tu. Baada ya hapo alikuwa ameungama bila kufungua mdomo.

Mwalimu Ruthu aliponiuliza kuna nini, nilimwambia hakuna kitu. Nikachukua daftari langu nikaenda. Na ningekaa hivyo mpaka leo, nakwambia kweli. Majani ya mche ule yanafanana na mengine kwa mtu anayepita. Mimi peke yangu ndiye ninayeona kwamba kingo zake zimechongoka zaidi. Lakini utazaa. Mwakani au mwaka utakaofuata, miche mia mbili themanini na nane itatoa vichala vyeupe, na ule wa kona utatoa vyekundu. Nilikuwa nimejiandalia uongo wa siku hiyo tayari, habari za nyuki na upepo. Ulikuwa uongo mzuri.

Ila Jumanne ulinitumia ujumbe kwamba Luka amekubali. Kwamba baada ya wiki tano za kulala jikoni na baba yake kutokula naye sahani moja, amesema basi, Jumapili atasimama mbele ya kanisa atubu wizi wa mche ili apumzike. Ukaandika, Mungu mkubwa, mtoto amelainika. Dada, hajalainika. Amekosa pa kutokea. Mlango wake niliufunga mimi, juu, chini, na pande zote, kama Mwalimu Ruthu alivyofunga namba. Tofauti ni kwamba wake unaweza kufunguliwa, na ufunguo uko kwangu. Mtu anatubu jambo ambalo haliwezekani hata kuwepo, tena mbele ya madhabahu.

Kwa hiyo fanya hivi. Barua hii mpe shemeji Gerson aisome, kisha mpe Luka. Jumamosi asubuhi Bi Rose akishuka kwenye gari nitakuwa nimesimama kwenye ile kona, nimeshang'oa mche wa uongo, nitamwonyesha shimo na nitamwambia lilivyokuja. Bashiri na wenzake nimewaambia wawepo, ingawa hawajui kwa nini. Bashiri anadhani nitagawa soda. Bi Rose akinifukuza, na haki yake anifukuze, nitawahi gari la mchana la kuja huko. Jumapili Luka asisimame. Mchungaji akiita mwenye toba, nitasimama mimi, na nitaongea kifupi. Nikianza kurefusha, wewe kohoa.

Kama nitachelewa njiani, mchungaji aisome barua hii yote mbele ya watu, asiruke hata ile ya kofia.

Nisalimie majirani wote wanaonikumbuka, na wale wanaojifanya hawanikumbuki uwasalimie mara mbili. Mama mkwe wako mpe pole ya macho. Sijui kama Luka atataka nikae karibu naye nikija. Asipotaka usimlazimishe, nitalala kwenye banda la mbuzi. Hawakuwahi kunifuata wale mbuzi, dada. Shemeji ndiye aliyekuwa nyuma yangu na chumvi.

Mwambie Luka alihesabu sawasawa. Ni mia mbili themanini na nane.

Ni mimi mdogo wako,
Yotham Ndahani